Mlango wa Katikati

Assumpta Tuohy alikuwa hodari wa kulala. Si kitandani, maana kitandani alikuwa na mumewe Malachy wa kumgeuza usiku kucha, bali kwenye basi. Akishakaa kwenye kiti chake cha dirishani, nyuma kidogo ya ngazi, shingo inalegea, kipaji cha uso kinagusa kioo, na Dublin yote inampita bila hata kuagana. Lakini hakuwahi kupitiliza kituo. Mwili wake ulizijua kona zote za X58, na basi likianza tu kukipanda kilima cha Laurel Bank, macho yanafunguka yenyewe na miguu inasimama.

X58 ni basi la haraka, la ghorofa. Linaokota watu kwenye mitaa ya kaskazini, kwenye zile nyumba za halmashauri, na likishajaa halisimami ovyo. Linasimama mara moja katikati ya jiji, mara moja hospitalini, kisha moja kwa moja kusini kwa wenye nazo, ambako hao waliookotwa wanakwenda kufagia, kupika, kufua na kulinda. Humo ndani asubuhi hakuna gumzo. Kuna watu wamekumbatia mifuko yao, koti zinatoa mvuke wa mvua, na kila mmoja anajidai hamwoni mwenzake akikoroma. Lipo na basi lingine la njia hiyohiyo, la kila kituo, lakini hilo linasimama hata kwenye nguzo isiyo na mtu wala paka. Mwenye kazi ya kuwahi halipandi.

Na Assumpta alikuwa na kazi ya kuwahi, kisha alikuwa na Malachy. Malachy alikuwa fundi wa lipu, pande la mtu, mpaka kiharusi kilipomchukua upande wa kulia na nusu ya maneno yake. Kila alfajiri mkewe alimwosha, akambadilisha, akamlisha uji wa shayiri, akamkalisha kwenye kiti chake karibu na redio. Saa moja na nusu mhudumu wa halmashauri anabisha hodi. Mhudumu akiingia, Assumpta anatoka, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, anakimbilia X58, na anafika kazini kwa kubahatisha. Maisha yake yote yalikuwa yamebanwa hapo, kati ya hodi ya yule mhudumu na basi lile. Basi la kila kituo lingemtaka aondoke kabla mhudumu hajafika, na Malachy alikuwa mtu wa kutoachwa peke yake. Halmashauri nayo ilishasema saa ni hiyohiyo, haina nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa kufua katika nyumba ya wazee ya pale Laurel Bank. Si nyumba mbaya, nisiisingizie. Chakula kipo, joto lipo, wauguzi wana adabu. Lakini Assumpta alikuwa amefua mashuka ya pale miaka mingi, na shuka halifichi kitu. Daktari alipomwambia kwamba Malachy akishindikana nyumbani itabidi atafutiwe nafasi mahali kama hapo, alimjibu mbele ya wifi yake, bila kupandisha sauti, kwamba mume wake hatoki kwake akiwa hai. Na alimaanisha.

Ndipo likabandikwa tangazo kwenye nguzo ya kituo. Eti kuanzia mwaka mpya X58 halitasimama tena Laurel Bank, kwa sababu kituo hakina abiria wa kutosha.

"Hakina abiria," alisema Dolly Mangan, msaidizi wa jikoni palepale kwenye nyumba ya wazee, mwanamke mwenye mdomo unaokata kuliko visu vyake. "Na sisi tunaoshuka hapa kila siku ni nini, shoga, magunia ya viazi?"

Assumpta hakucheka. Alilisoma tangazo mara ya pili.

Wakaitwa mkutanoni kwenye ukumbi wa parokia. Kampuni ya mabasi ilimtuma kijana mmoja mpole, suti imelowa mabegani, na ukimtazama unaona kabisa hakupenda kutumwa. Akasema wamepitia hesabu zao za asubuhi, na pale Laurel Bank hashuki mtu, au anashuka mmoja.

"Mmoja," Dolly akadakia. "Huyo mmoja ni nani, nimpe pole ya upweke?"

Ukumbi ukacheka, na kijana naye akacheka, jambo lililompunguzia maadui. Kisha akaeleza taratibu. Wanaopanda wanahesabiwa na mashine ya kadi pale mbele. Wanaoshuka wanahesabiwa na jicho dogo lililo juu ya mlango wa katikati. "Ninyi huwa mnashukia mlango upi?" akauliza.

Mlango upi tena? Mlango wa mbele, kwa dereva. Utashukaje bila kumwambia dereva asante? Mtu wa mji huu anaweza kukwepa nauli, anaweza kutapika kwenye ngazi Jumamosi, lakini akifika kwake atapita kwa dereva amwambie asante, na siku asipofanya hivyo atalala vibaya. Mlango wa katikati walikuwa wanauona, naam, kama unavyoiona sebule ya wageni: upo, unapanguswa vumbi, hakuna anayeutumia. Madereva wengine hawaufungui hata mara moja kwa mwaka.

"Basi mambo ni mepesi," kijana akasema, na uso wake ulichangamka kweli. "Alhamisi ya wiki ijayo tunahesabu upya. Siku hiyo shukeni mlango wa katikati. Siku moja tu. Mkionekana, kituo kinabaki."

Nani angeshindwa na hilo? Assumpta alirudi nyumbani akamsimulia Malachy huku akimkata kucha, na Malachy akacheka kwa nusu ya mdomo mpaka machozi yakamtoka.

"Mtashindwa," akasema.

"Tushindwe nini, bwana wewe? Ni mlango tu."

Jumatatu wakajaribu. Dereva wa asubuhi alikuwa Eunan Breslin, mtu wa Donegal, mpole mpaka anaudhi, amewabeba watu wale miaka kumi na zaidi. Alifungua milango yote miwili. Watu wakainuka, wakaangalia mlango wa katikati, wakaangalia mbele, kisha mmoja mmoja, kama kondoo wenye aibu, wakapita mbele. Asante, Eunan. Asante. Asante, bwana.

Nje kwenye mvua Assumpta aliwageukia. "Jamani, tumekubaliana nini?"

"Nilikuwa nimeshafika katikati," Dolly akajitetea. "Nikamwona Eunan kwenye kioo ananitazama. Ningefanyaje? Mama yangu angefufuka anichape."

"Nilikuwa naangalia baiskeli zinazopita ubavuni," Eunan akasema kutoka kwenye kiti chake, ameona haya mpaka masikio.

Wakapanga upya. Eunan asifungue mlango wa mbele kabisa, afungue wa katikati peke yake. Asante zote apewe watu wanapopanda, zikae akiba. Na Assumpta atangulie kushuka, wengine wamfuate yeye, wasimwangalie dereva wala kioo. Walimchagua yeye kwa sababu kila mtu alijua habari za Malachy. Wengine kituo kikifutwa watalaani na kutembea, lakini yeye kitamvunjia nyumba.

Jumanne walibabaika. Jumatano waliweza. Mlango wa katikati ulifunguka kwa mlio wa kitu kisichozoea kazi, Assumpta akatangulia, wengine nyuma yake, kimya, kama watu wanaotoka msibani bila kutoa mkono wa pole. Eunan baadaye alimwambia Dolly kwamba siku ile nzima alijisikia kama mtu aliyemkosea jirani.

"Vumilia kesho tu, kaka," Dolly akamwambia. "Ijumaa tutakushukuru mpaka utuombe tunyamaze."

Usiku wa kuamkia Alhamisi Malachy alishikwa na kikohozi, na kikohozi kikaleta homa. Assumpta alibadilisha mashuka, akayabadilisha tena, akamkalisha, akamgonga mgongo, akamlaza, akamkalisha. Kilo zote zile za fundi lipu mikononi mwa mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye mgongo unaouma toka Pasaka ya mwaka juzi. Kulipokucha homa ilishuka, na Malachy akalala usingizi wa mtoto. Yeye alikunywa chai kasimama. Mhudumu alipobisha alimwachia maelezo mlangoni, akakimbia.

Ndani ya basi alimwambia Eunan asante ya akiba, kama walivyokubaliana. Dolly alimpigia kope. Wote walikuwa macho siku hiyo, wamejinyoosha kama watu wa mtihani. Assumpta alikaa kwenye kiti chake, akajisemea kwamba leo halali, leo anakaa macho mpaka mwisho, na hapo ndipo kioo kilipompokea.

Basi likakipanda kilima. Macho yakafunguka, miguu ikasimama. Mbele yake palikuwa na mlango uliofunguka ukitoa hewa baridi na mwanga, naye akauendea, maana miguu hiyo ilikuwa imeuendea mlango huo kila siku ya kazi kwa miaka.

"Asante, Eunan."

"Karibu, Assumpta. Siku njema."

Nyuma yake wakaja wenzake. Walikuwa wameambiwa wamfuate Assumpta, wakamfuata. Asante, Eunan. Asante. Siku njema. Asante, bwana. Wakashuka wote, na ilikuwa foleni nzuri, ya watu wenye adabu. Dolly ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alikuwa na mguu mmoja chini na mmoja bado kwenye kidato alipoona uso wa Eunan umebadilika.

Kwani hata Eunan alikuwa amekosea. Mkono wake ulibonyeza kitufe cha mbele kwa mazoea, kabla kichwa hakijaamka. Sasa akabonyeza kile kingine. Mlango wa katikati ukafunguka, ukakaa wazi kitambo, na hakuna aliyetoka.

"Turudi ndani," Dolly akasema. "Turudi tushuke tena, pale, upesi."

Mimi ningekuwepo ningewasukuma mmoja mmoja kwa mgongo. Lakini ghorofani kulikuwa na watu wengine, wanachungulia, wana kazi zao za kuwahi, na nyuma ya basi gari lilishapiga honi. Watu wale waliinua macho wakaona nyuso za wenzao kwenye madirisha ya juu, na wakaona aibu kuwachelewesha. Hiyo hiyo aibu. Wakabaki wanasitasita kwenye mvua, huyu anamwambia yule atangulie, mpaka Eunan akafunga milango, akaondoka na kichwa kimeinama.

Assumpta alikuwa ameshika mwavuli bila kuufungua.

"Si kosa lako, shoga," Dolly akamwambia. "Ni sisi wote. Hata yeye."

"Ni mimi niliyelala," Assumpta akasema, na wakaingia kazini.

Mwaka mpya kituo kikafutwa. Kijana wa kampuni alikuja mwenyewe kuwaambia, akaomba radhi, wakamshukuru kwa kuja. Kituo kilichofuata kilikuwa mbali, chini kule kwenye maduka, na barabara ya kurudi ni ya kupanda, nusu yake haina njia ya miguu. Wiki ya kwanza Assumpta alijaribu kuipanda. Alifika kazini amelowa na kuchelewa, siku mbili, siku tatu. Meneja alimwita, akamwambia kwa upole kwamba anaielewa hali yake, na upole wenyewe ulimtisha zaidi ya ukali. Ndipo akahamia basi la kila kituo.

Maana yake ni kwamba alikuwa anaondoka kabla ya mhudumu. Si muda mrefu, alijiambia, ni muda wa habari na nyimbo mbili tatu redioni. Alimwacha Malachy kitandani, mito imembana pande zote, simu mkononi.

"Usithubutu kuinuka."

"Niende wapi?" Malachy akasema.

Ikaenda hivyo mpaka Februari. Asubuhi moja mhudumu akamkuta sakafuni, kati ya kitanda na kabati, amejikunja, midomo ya bluu kwa baridi, mkono wa kushoto uko ndani ya shati na mwingine umekwama. Alikuwa anajaribu kuvaa. Hakuvunjika kitu, daktari alisema ana bahati. Assumpta alipigiwa simu katikati ya mashine za kufulia, akarudi kwa basi lilelile la kila kituo, kwa kuwa ndilo lililotangulia kuja, na kila liliposimama aliichukia nguzo, akamchukia kila aliyekuwa akipanda polepole.

Jioni alimkalisha karibu na redio, akamfunga blanketi.

"Ulikuwa unafanya nini, Malachy? Nimekwambia nini mimi?"

Maneno yalichukua muda kuja. "Nilitaka uikute moja imefanyika. Kazi moja."

Akageukia sinki. Aliosha kikombe kilichokwisha kuoshwa.

"Nipeleke," Malachy akasema nyuma yake.

"Wapi?"

"Kwenu. Kazini kwako."

"Nilishasema hutoki hapa."

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi sikusema." Akapumzika, akavuta pumzi. "Mchana nitakuona. Hapa sikuoni. Hapa namwona mtu anayekimbia."

Assumpta alilia pale kwenye sinki, bomba likiwa wazi ili asisikike. Alimkasirikia Malachy kwa kusema kweli. Alimkasirikia Eunan na mkono wake, akawakasirikia wote waliomfuata bila kufikiri, na aliyemkasirikia kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe na ule usingizi wake. Nafasi ilipatikana baada ya wiki tatu. Usiku wa kwanza baada ya kumpeleka alilala bila kuamka hata mara moja, na asubuhi alipoona jinsi alivyolala vizuri alishikwa na haya ambayo hakumwambia mtu, hata Dolly.

Malachy hakudhoofu. Hilo nalo lilikuwa gumu kulibeba. Alipata mwenzake wa karata, mzee mmoja kiziwi, wakawa wanaibiana bila kificho. Mchana Assumpta anavua aproni, anakwenda kumlisha supu, anamkuta ameshalishwa, amechanwa nywele upande usio wake. Anamchana upya. Wanakaa. Kisha kengele ya mashine inamwita, anarudi kwenye mashuka, na sasa miongoni mwa yale mashuka yalikuwamo na ya Malachy.

Baada ya Pasaka kampuni ikahesabu tena, safari hii kwa mtu mwenye daftari aliyepanda wiki nzima akiwauliza abiria wanakokwenda, na ikatangaza kwamba X58 litasimama Laurel Bank kama zamani. Kule jikoni Dolly aliwakatia wote keki. Eunan, ambaye siku hizo alikuwa zamu ya jioni, alifurahi kuliko watu wote. Alijua alichokifanya ile Alhamisi, na miezi yote ile hakupata kumtazama Assumpta usoni.

Jioni ya kwanza ya ratiba mpya walisimama kituoni, jua bado lipo, watu wametoka kazini na mifuko yao. X58 likaja, likasimama kwa madaha. Mlango wa mbele ukafunguka. Dolly akapanda, na wengine wote wakapanda. Assumpta akabaki kwenye benchi.

"Panda, shoga," Dolly akamwita kutoka ndani. "Kituo chako kimerudi, unangoja ualikwe?"

"Nendeni. Nangoja lile jingine."

"La kila kituo? Una wazimu? Litakufikisha giza limeingia."

Eunan aliegemea usukani, akainama ili amwone vizuri. Nyuma yake abiria walianza kunyoosha shingo, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake akawaacha wangoje.

"Panda, Assumpta," akasema. "Nitakufikisha mapema, naahidi."

Assumpta alimtazama. Hakuwa na hasira naye tena. Alikuwa amechoka tu.

"Najua, Eunan," akasema. "Lakini nikifika mapema, nimfikie nani?"